Mahari Haijaisha: ndoa ya kimila inapofika ofisi ya parokia

Ukitaka kujua kwa nini watu wazima wengi hubaki wamekaa wakati wa komunyo katika kigango (tawi la parokia) cha Usukumani, usianze kwa kupima imani yao. Ulizia mahari. Wengi walibatizwa utotoni, jumuiya wanasali, zaka wanatoa, watoto wao wako kwenye mafundisho ya kipaimara, na wameishi pamoja miaka kumi au zaidi. Ndoa ya kanisani hawajafunga kwa sababu ng'ombe wa mwisho hawajafika kwa baba mkwe, na mzee yule hataki binti yake atangazwe kanisani kabla hawajafika.

Sisi tunaofundisha wachumba na kuandaa mafaili ya ndoa tumejifunza kwamba ugomvi wa Kanisa na mila hapa ni wa ratiba zaidi kuliko wa mafundisho. Mila hufungisha ndoa kwa hatua: posa, kishika uchumba, kikao cha mahari, ng'ombe wa kwanza, kumchukua binti, mtoto, ng'ombe waliobaki. Kanisa linataka siku moja, saa moja, mbele ya padre na mashahidi wawili. Parokia inayosubiri hatua za kimila ziishe ndipo ifungue faili itasubiri mpaka wahusika wapate wajukuu. Inabidi faili lifunguliwe siku ya posa.

Hata utaratibu wetu wa padre na mashahidi wawili una umri wake. Kabla ya mwaka 1563, Mkristo wa Ulaya aliyesema "nakubali" chooni au shambani, bila padre, alikuwa ameoa kihalali. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Trento ulileta sharti la padre na mashahidi ili kukomesha ndoa za siri, ambazo mwanamume aliweza kuzikana kesho yake. Sharti hilo lilishika pale tu lilipotangazwa rasmi, na lilienezwa karibu Kanisa zima la Kilatini kuanzia Pasaka ya mwaka 1908. Tunawaeleza wazee historia hii kwa sababu wanaielewa upesi: nao hawapendi kijana anayekana posa. Shabaha ni ileile, kumlinda binti na watoto.

Mapadre Weupe waliofika kando ya Ziwa Viktoria mwaka 1879 walikuja na agizo la Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wao, kwamba mtu mzima aandaliwe miaka 4 kabla ya ubatizo: miwili kama mwombaji, miwili kama mkatekumeni. Muda huo mrefu ulimpa mwalimu nafasi ya kujua nyumba ya mwanafunzi, wake zake, madeni yake na ukoo wake. Leo wachumba wengi hupata semina ya siku chache, mara nyingi baada ya ukumbi kulipiwa. Kasoro nyingi zinazofuata hapa chini zinatokana na haraka hiyo.

Basi, siku ya posa. Mshenga akishapeleka barua, mwenyekiti wa jumuiya ampelekee katekista mambo manne: majina kamili ya wote wawili, parokia alikobatizwa kila mmoja, kama yupo kati yao aliyewahi kuishi na mtu mwingine, na kama yupo asiye Mkatoliki. Tunataka hayo mapema kwa sababu ndiyo yanayokula muda. Cheti cha ubatizo cha zamani, kile kilichokunjwa sandukuni tangu utotoni, hakitoshi. Kinatakiwa kipya kutoka parokia ya ubatizo, na parokia nyingi hazipokei kilichozidi miezi sita, kwa sababu katika kitabu cha ubatizo ndimo huandikwa kipaimara, ndoa na upadrisho wa mtu. Ukiwa na namba ya L.B. (ya kitabu cha ubatizo) iliyo kwenye cheti cha zamani, karani wa parokia anaipata rekodi mara moja. Ukimpa jina na mwaka wa kukisia, atafungua vitabu vitatu na huenda akakata tamaa.

Majina nayo yana vituko vyake. Kitabu cha ubatizo kinasema Yohana mwana wa Masanja, cheti cha shule kinasema John Charles, kitambulisho cha NIDA kimechukua jina la babu. Usibadilishe chochote kwenye kitabu kwa kalamu yako. Chukua kiapo cha majina, kiambatishe kwenye faili, na kwenye fomu ya ndoa andika jina la ubatizo pamoja na lile la kitambulisho. Kitabu kikiwa kimeungua au kuliwa na mchwa, wachumba hawana haja ya kubatizwa upya: kanuni ya 876 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, inayotumika sasa, inakubali tamko la shahidi mmoja wa kuaminika, au kiapo cha mhusika mwenyewe kama alibatizwa akiwa mtu mzima. Mara nyingi shahidi huyo ni msimamizi wake wa ubatizo, na yuko hai kijiji cha pili.

Kikao cha mahari ndicho kigumu. Wamisionari wengi wa mwanzo waliona mahari kama bei ya mtu, wakahubiri dhidi yake, na matokeo yake ni kwamba vikao viliendelea bila wao. Katika koo zinazofuata baba, ng'ombe ndio wanaoamua watoto ni wa nani. Kijana ambaye hajatoa kitu anajua mkewe akifariki, watoto wanaweza kudaiwa na wajomba. Kumwambia mtu huyo "njoo ufunge ndoa tu, mahari si lazima" ni kumwomba aache watoto wake hewani.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inasema wazi kuwa kutokukamilika kwa mahari hakubatilishi ndoa, na sheria ya Kanisa haina kizuizi kinachoitwa mahari. Yote mawili ni kweli, na yote mawili ukiyatoa mfukoni katikati ya kikao umekivunja kikao. Tunachofanya ni kuomba nafasi ya mtu mmoja wa jumuiya akae kama shahidi. Asishiriki kupanga idadi, na asiwe wa ukoo wowote kati ya hizo mbili. Mwisho wa kikao iandikwe karatasi yenye mambo haya: idadi iliyokubaliwa, iliyotolewa leo, iliyobaki, itatolewa lini au kwa awamu zipi, na sentensi moja kwamba deni lililobaki halizuii ndoa ya kanisani. Nakala tatu: upande wa binti, upande wa kijana, faili la parokia. Wanatia sahihi wazazi, mshenga na shahidi wa jumuiya.

Karatasi hii hukwama kwa sababu moja zaidi ya zote: aliyesahauliwa. Baba wa binti ametia sahihi kwa furaha, halafu wiki ya pili ya matangazo anatokea mjomba ambaye fungu lake halikutajwa, au shangazi aliyemlea binti. Kwa hiyo kabla ya kalamu kutolewa, shahidi aulize kwa sauti: nani mwingine ana fungu katika mahari haya, na yuko wapi leo? Kama hayupo, apigiwe simu papo hapo, spika ikiwa wazi. Na baba wa binti akigoma kabisa ile sentensi ya mwisho, msimlazimishe. Ombeni idadi ndogo itakayotosha yeye kuruhusu altare, mbuzi wawili au ng'ombe mmoja, na kilichobaki kibaki deni. Wazee wengi wanakataa kudharauliwa tu. Wakioneshwa heshima hiyo wanalegea.

Kuhesabu undugu ni somo ambalo wachumba hulifurahia na mapadre wageni hulikosea. Fomu ya parokia inauliza, "Je, mna undugu?" Swali hilo halifai. Wapo watakaosema hapana kwa sababu ni wa koo tofauti, kumbe bibi zao ni dada. Wapo watakaosema ndiyo kwa sababu wana jina moja la ukoo, kumbe babu wa pamoja hajulikani. Achana na swali, chora mti. Andika majina ya babu na bibi wote wanne wa kila mchumba, kwa wino, mbele ya mtu mzima mmoja kutoka kila upande. Jina likijirudia pande zote mbili, hesabu watu: anza na mchumba wa kwanza, panda mpaka kwa yule mzazi wa pamoja, shuka mpaka kwa mchumba wa pili, mzazi wa pamoja usimhesabu. Kaka na dada wanatoka wawili. Mjomba na mpwa watatu. Mabinamu wa kwanza wanne, na hapo ndipo mwisho wa kizuizi kwa kanuni ya 1091. Mabinamu wa pili hutoka sita, Kanisa halina neno nao.

Mila ina neno. Katika makabila mengi ya bara watu wa ukoo mmoja hawaoani hata kama wametengana vizazi kumi. Pwani ni kinyume, familia nyingi za Kiislamu zinaona binamu ni chaguo jema, na Mkatoliki aliyekulia huko anashangaa kuambiwa ahitaji ruhusa. Kwa mabinamu wa kwanza askofu anaweza kutoa ruhusa. Lakini padre anayesema "Kanisa limeruhusu" kwa vijana wa ukoo mmoja wa bara, bila kuwaita wazee, anawafungisha ndoa ambayo haitakuwa na mtu wa kuisuluhisha siku ikigombana. Tunawaambia vijana wazi: hamna kizuizi cha Kanisa, ila mna kizuizi cha nyumbani, kimalizeni kwanza. Makatekista wa zamani bado huuliza kama mchumba ni mtoto wa ubatizo wa mwenzake. Undugu huo wa kiroho ulikuwa kizuizi katika sheria ya mwaka 1917, na ile ya 1983 haikuurudia.

Kuna sharti ambalo halisemwi kikaoni lakini lipo: ashike mimba kwanza. Mama wa kijana anataka kuona tumbo ndipo amruhusu mwanawe afunge ndoa isiyovunjika. Kanuni ya 1102 inasema ndoa iliyofungwa kwa sharti la jambo lijalo ni batili, kwa hiyo kijana anayesimama altareni huku moyoni amesema "asipozaa namrudisha" hajaoa. Kanuni ya 1084 inaongeza kwamba utasa hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Wachumba wahojiwe mmoja mmoja, mlango ukiwa umefungwa, na swali liwe la moja kwa moja: mkikaa miaka mitano bila mtoto, utafanya nini, na mama yako atasema nini? Jibu la "Mungu atatupa" si jibu. Rudia swali. Na somo hili lisiishie kwa wachumba. Alikeni wazazi wa pande zote mbili jioni moja, kwa kuwa shinikizo la mke wa pili hutoka kwao mara nyingi kuliko kwa mume.

Mitara ndiyo iliyowasumbua wamisionari tangu karne ya 16. Mapapa wawili waliandika juu yake: Paulo III mwaka 1537 na Pius V mwaka 1571, na kiini cha hati zao kimo leo katika kanuni ya 1148. Mume mwenye wake kadhaa wasiobatizwa akibatizwa, na ikiwa ni vigumu kwake kubaki na yule wa kwanza, anaweza kumbakiza mmoja wao na kuwaacha wengine, kisha afunge naye ndoa kwa utaratibu wa Kanisa. Watu huishia hapo kusoma. Kifungu cha tatu kinamtaka askofu ahakikishe mke wa kwanza na wengine walioachwa wanatunzwa kwa haki. Katika miaka mingi ya umisioni ndicho kifungu kilichopuuzwa kuliko vyote: mwanamume alipata ubatizo, wanawake wakapata njia ya kurudi kwao.

Hivyo faili la mtu wa mitara lisiende kwa askofu likiwa na jina la mke anayebaki tu. Liwe na ukurasa wa wanaotoka: kila mmoja ana watoto wangapi, atalala wapi, shamba gani ni lake, ng'ombe wangapi, nani analipa ada, na mwanamume ameshampa nini kabla ya siku ya ubatizo. Ahadi ya "nitamjengea" isikubaliwe; nyumba ionekane. Mke wa kwanza asichanganywe na mumewe. Ndoa yake ya asili ndiyo iliyotangulia, hali yake ni tofauti, na suala lake paroko alisikilize peke yake. Wazee wengi huamua kubaki na nyumba zao zote na kuomba ubatizo wakiwa mahututi. Kanuni ya 865 inaruhusu mtu mzima aliye katika hatari ya kufa abatizwe kama anajua kweli kuu za imani na anaahidi kushika amri, kwa hiyo katekista awe amemtembelea mzee huyo miaka yote, asianze mafundisho hospitalini. Mjadala wenyewe haujafungwa: Sinodi ya Roma ya Oktoba 2023 iliwaachia maaskofu wa Afrika wazo la kuendelea kutafakari namna ya kuwasindikiza watu wa mitara.

Wajane. Sheria ya 1917 ilizuia mtu kumwoa mke wa marehemu kaka yake. Ya sasa imebakiza kizuizi cha ukwe kwa mzazi na mtoto tu, kwenda juu au chini. Hivyo shemeji asiye na mke anaweza kumwoa mjane kanisani. Tatizo kubwa ni hiari yake. Mjane ahojiwe na mwanamke, WAWATA (chama cha wanawake Wakatoliki) wanaliweza hili vizuri, mbali na boma la wakwe, na aulizwe shamba litakuwa la nani akikataa.

Ndoa mseto na Mwislamu inahitaji ruhusa ya askofu. Bila hiyo ni batili hata kama padre ameisimamia. Mkatoliki anaahidi kufanya awezalo watoto wabatizwe, na mwenzake anaelezwa ahadi hiyo waziwazi, ingawa yeye haahidi. Kinachoharibu ni nikaha ya asubuhi "kuwaridhisha wazee" kabla ya kanisa la mchana. Kanuni ya 1127 inakataza kurudia kiapo kwa ibada nyingine, kabla au baada. Familia ielezwe miezi kabla, na ipewe nafasi nyingine ya heshima: dua ya wazee nyumbani wakati wa kumuaga binti, isiyo na kiapo.

Matangazo kwa kawaida huwa dominika tatu, na serikali inataka taarifa ya siku 21, kwa hiyo peleka vyote pamoja. Anayepinga aende kwa paroko, asisimame kanisani. Pingamizi zipangwe mafungu mawili. Ndoa ya awali, undugu na kulazimishwa husimamisha kila kitu mpaka zithibitike au zikanushwe. Deni, wivu na ugomvi wa mpaka wa shamba husikilizwa, lakini faili linaendelea. Hapo ile karatasi ya mahari inajilipa: mjomba anaoneshwa sahihi zilizotiwa kikaoni.

Kisha gharama. Watu walioishi pamoja miaka 15 wanakaa bila komunyo kwa sababu hawana pete, suti, keki na ndafu. Pete si sharti la uhalali. Wala gauni jeupe. Wala picha. Kamati ya harusi ikishaundwa na michango kuanza, sakramenti inageuka mgeni kwenye sherehe yake yenyewe, kwa hiyo tunawahimiza wanandoa wa muda mrefu wafunge ndoa kwenye Misa ya kawaida ya Jumapili, au katika ndoa ya pamoja mara moja kwa mwaka. Jozi ziwe chache kiasi cha padre kuweza kusikia kila kiapo kwa sikio lake; jozi hamsini zikiitikia kwa pamoja kama darasa, hakuna anayeweza kuthibitisha nani alisema nini. Kila jozi iwe na wasimamizi wake wawili. Uchagani familia zilizokosana hupelekeana jani la sale kuombana radhi. Lifanyike nyumbani siku zilizotangulia, ili watu wafike kanisani wakiwa wameshasalimiana.

Wapo ambao mmoja anataka kurudi kwenye sakramenti na mwenzake hataki kukanyaga kanisani, ila hana nia ya kuachana. Wengi hawajui kwamba askofu anaweza kuiponya ndoa yao kutoka mzizi wake, kanuni ya 1161, bila kurudia kiapo, mradi ridhaa ya wote wawili bado ipo na hakuna kizuizi kisichoondoleka. Faili lake linahitaji barua ya anayeomba, ushahidi wa watu wawili kwamba wanaishi kama mume na mke, vyeti vya ubatizo, na maelezo ya paroko kwa nini mwenzake hawezi kuja.

Na katekista asifungishe ndoa, hata padre akichelewa na nyama ikapoa. Mlei anaweza kusimamia ndoa pale tu askofu alipompa mamlaka hayo kwa utaratibu wa kanuni ya 1112, ambao unapitia Baraza la Maaskofu na Roma. Baraka ya katekista siku hiyo ni sala njema, na wahusika wataambiwa baadaye kuwa hawajaoana.

Jioni ya siku ya harusi, kabla mashahidi hawajatawanyika kwenda ukumbini, sahihi zikamilike: kitabu cha ndoa cha parokia na vyeti vya serikali. Wiki hiyohiyo karani atume taarifa kwa parokia walikobatizwa, kila mmoja kwake, iandikwe pembeni ya jina lake la ubatizo. Barua hizi ndizo husahaulika kuliko zote, na bila hizo mtu aliyeoa Geita anaweza kuchukua cheti safi Bukoba na kuoa tena Dar es Salaam.